Baibui Likianza Kuburura: Jinsi ya Kuchagua Dawa na Kupanga Chakula Mifupa Inapopungua Nguvu

Katika mwaka mmoja mama yangu alipeleka baibui lake kwa fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mara mbili. Mara ya kwanza alisema limerefuka kwa kufuliwa. Fundi akalipunguza vidole viwili, akapinda upindo mpya. Miezi haikuwa mingi, likaanza tena kufagia sakafu. Nyumba nzima tulilitazama baibui, asiwepo hata mmoja wa kumtazama mwenye kulivaa. Mama alikuwa anafupika.

Miaka miwili kabla ya hapo aliteleza uani, penye sementi iliyomwagika povu la sabuni, akajishikiza kwa mkono na kifundo kikavunjika. Alikuwa na miaka 66. Akafungwa POP, yaani plasta ngumu, kwa wiki sita, ikatolewa, tukamshukuru Mungu, yakaisha. Hospitali tuliyompeleka haikuuliza, nasi hatukuuliza, kwa nini mtu aliyeanguka kutoka kimo chake mwenyewe, si juu ya mnazi wala kwenye bodaboda, avunjike mfupa. Jibu lilikuja siku aliponyanyua ndoo ya maji na kusikia "ko" mgongoni. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea.

Haya ninayoandika ndiyo ningependa mtu aniambie siku ile ya POP. Kiini chake ni hiki: mfupa uliovunjika kwa ajali ndogo baada ya miaka 50 ndio unaoamua suala la dawa, na chakula kinakuja kuipa dawa hiyo mali ya kujengea. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, umefanya nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: tenganisha mifupa na viungo

Wengi wetu tukisema "mifupa inaniuma" tunamaanisha magoti, kiuno au mabega. Hayo mara nyingi ni maradhi ya viungo: gegedu limesagika, au ni baridi yabisi. Osteoporosisi ni jambo jingine. Ni mfupa wenyewe kupungua, vitundu vya ndani yake vikapanuka, mpaka ukawa kama ubao uliobunguliwa: nje mzima, ndani hauna kitu. Wala hauumi. Unakaa kimya hadi siku ya kuvunjika. Kwa hiyo vidonge vya kalsiamu havitaponya goti, na dawa ya kuchua goti haitailinda nyonga.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku zipo chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya. Ujanani ujenzi hushinda, na mfupa hufikia ujazo wake wa juu karibu na miaka 30. Baada ya hapo ubomoaji hutangulia kidogo kidogo. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma na homoni ya estrojeni ikishuka, ubomoaji huenda kwa kasi kwa miaka kadhaa. Wanaume nao hupata, ila huchelewa.

Cha kufanya leo ni kupima kimo. Mzee asimame bila viatu, visigino na mgongo vikigusa fremu ya mlango, mtu mwingine aweke kitabu bapa kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Andika tarehe pembeni. Kisha tafuta kimo chake cha ujanani. Sisi tulikipata mahali ambapo hatukutarajia: kwenye kadi ya zamani ya kliniki ya wajawazito, ndani ya sanduku lake, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Tofauti ikifika sentimita 4 au zaidi, peleka habari hiyo kwa daktari. Pingili zinaweza kubonyea bila maumivu makali, na sisi tukaita uzee.

Maumivu ya mgongo yakija na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kutoka bila kujua, usisome zaidi, nenda hospitali. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, na saratani hushuka kwenye mifupa.

Hatua ya pili: andika historia nzima kabla ya kwenda kwa daktari

Chukua karatasi. Andika umri, uzito, kimo cha leo na cha zamani. Andika kila mfupa uliowahi kuvunjika baada ya miaka 50 na ulivunjikaje. Andika kama mama au baba alivunjika nyonga. Andika hedhi ilikoma lini, maana ikikoma kabla ya miaka 45, au ovari zikiwa zimetolewa, mifupa imekosa estrojeni muda mrefu zaidi. Sigara na pombe pia ziandike, bila kuona haya.

Halafu dawa. Prednisoloni ndiyo ya kuangaliwa kwanza: mwenye pumu au baridi yabisi anayeinywa miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, mifupa yake inapungua. Dawa za kifafa za zamani kama fenitoini na fenobarbitali nazo zinapunguza. Anayetumia ARV zenye tenofovir, na watumiaji wake ni wengi nchini, ajue dawa hiyo hupunguza kidogo uzito wa mfupa. Asiache wala asiruke hata dozi moja kwa sababu hiyo. Amwambie tu daktari ili hesabu ya hatari iwe kamili. Maradhi ya tezi ya shingo, figo na kisukari, yote yaingie kwenye karatasi.

Karatasi hii inafaa kuliko unavyodhani. Daktari aliyempokea mama mara ya pili alianza kwa heshima, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu." Kisha akamuuliza kama amewahi kuvunjika popote. Mama akasema, "Hapana baba. Mkono tu." Yule kijana aliweka kalamu mezani. Ile "mkono tu" ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na kama nisingekuwepo kusimulia, ingepita hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: vipimo, na usivunjike moyo mashine ikikosekana

Kipimo chenyewe cha uzito wa mfupa kinaitwa DEXA. Ni mionzi kidogo sana, unalala kitandani dakika chache, hakuna sindano. Majibu huja kwa namba inayoitwa alama ya T, inayokulinganisha na kijana mwenye mifupa mizima. Kuanzia -1 kwenda juu ni salama. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua lakini haujafika kwenye ugonjwa. Kuanzia -2.5 kwenda chini ndiyo osteoporosisi.

Mashine hii si ya kila hospitali. Kabla ya kumpandisha mgonjwa basi la kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 350 kwa mtu mwenye mgongo uliobonyea, piga simu kwanza uulize kama mashine ipo, inafanya kazi, na gharama yake. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo hahitaji kusubiri DEXA ndipo aanze dawa. Kuvunjika huko kwenyewe kumeshatoa hukumu.

Eksirei ya kawaida haioni kupungua kwa mfupa mpaka karibu theluthi moja iwe imeshapotea, kwa hiyo ukiambiwa "eksirei ni nzuri" usilale. Ila inaona pingili zilizobonyea. Omba ya mgongo iliyopigwa kwa ubavu.

Kipo pia kikokotoo kinachoitwa FRAX, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2008. Daktari anakifungua kwenye simu, anaingiza yale uliyoandika kwenye karatasi, nacho kinatoa asilimia ya hatari ya kuvunjika ndani ya miaka 10 kwa mtu wa miaka 40 hadi 90. Kinafanya kazi hata bila DEXA. Wamarekani huanza dawa kwa mwenye mfupa uliopungua pale hatari ya nyonga inapofika asilimia 3, au ya mifupa mikubwa kwa jumla inapofika 20. Kila nchi ina mpaka wake, lakini namba ikiwepo mazungumzo yanakuwa na mashiko.

Damu nayo ipimwe kabla ya dawa: kalsiamu, figo, picha nzima ya damu, tezi ya shingo, na vitamini D panapowezekana.

Hatua ya nne: kuchagua dawa

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa kuwa duka la dawa litakutajia majina na si maana. Majina nitakayoandika, kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo mwombe mfamasia akusomee.

Dawa ziko za aina mbili kwa jumla: zinazopunguza kasi ya ubomoaji, na zinazochochea ujenzi. Wengi wetu tutaanzia za kwanza.

Alendroneti ndiyo ya mwanzo kwa watu wengi. Inatumika tangu mwaka 1995, kampuni nyingi huitengeneza kwa hiyo ni nafuu kuliko wenzake, na dozi yake ya kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Inasaidia kiasi gani? Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1996 kwa wanawake 2,027 waliokwisha kubonyea pingili, kwa muda wa karibu miaka mitatu, kati ya kila 100 waliopewa kidonge bandia, 15 walipata pingili nyingine iliyobonyea. Kati ya kila 100 waliokunywa alendroneti, 8. Nyonga zilizovunjika zilishuka kutoka 2.2 hadi 1.1 kwa kila 100. Nilipomweleza mama kwa hesabu hii alielewa kuliko aliposikia "inapunguza kwa nusu". Aliuliza, "Kwa hiyo wanane bado wanavunjika?" Ndiyo, wanane bado wanavunjika. Ndiyo maana hatua zinazofuata zipo.

Asidi ya zoledroniki ni ya ukoo huo huo, lakini huingia kwa dripu miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Inamfaa mwenye vidonda vya umio, asiyeweza kukaa wima, au anayesahau vidonge. Inamfaa pia aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga: katika utafiti wa mwaka 2007 kwa wagonjwa wa namna hiyo, walioipata walivunjika tena kwa uchache, na waliofariki walikuwa asilimia 9.6 badala ya 13.3. Lakini jiandae kwa homa. Baada ya dripu ya kwanza, siku mbili tatu mwili unauma, joto linapanda, unasikia kama malaria. Huku kwetu joto likipanda sote tunawaza malaria, na mtu anaweza kunywa dozi bure. Au kinyume chake: akadhani ni dripu kumbe ni malaria. Kapime damu. Paracetamol na maji mengi husaidia.

Dawa zote hizi mbili hazifai mwenye figo zilizochoka sana. Kipimo cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya 35, daktari atatafuta njia nyingine.

Denosumabu ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 60 kila miezi sita, na haibagui figo kama zile, ingawa mwenye figo dhaifu lazima apimwe kalsiamu kwa karibu. Ni dawa nzuri. Nina neno moja tu juu yake nalo ni zito: usiianze kama huna uhakika wa sindano ya pili, ya tatu na ya nne. Ukichelewa au ukiacha ghafla, ubomoaji uliozuiwa hurudi kwa kishindo, na watu wamebonyea pingili kadhaa ndani ya miezi michache. Ukitaka kuiacha, unaiacha kwa kuhamia dawa nyingine kwa mpango wa daktari. Familia inayochangishana fedha ya dawa kila mara, kwa maoni yangu, bora dripu ya mwaka kuliko sindano hii.

Teriparataidi ni ya kujenga. Hudungwa kila siku, kwa kawaida isizidi miaka miwili, na ikikamilika lazima ufuatishe dawa ya kuzuia ubomoaji, la sivyo ulichojenga kitapotea. Ni ghali. Ni ya wale waliobonyea pingili kadhaa, au walioendelea kuvunjika wakiwa kwenye dawa nyingine.

Raloksifeni huilinda migongo lakini haijathibitisha kulinda nyonga, na huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Homoni anazopewa mwanamke hedhi ikishakoma hulinda mifupa vizuri, ila mahali pake ni kwa mwanamke wa chini ya miaka 60 ambaye pia anasumbuliwa na vipindi vya joto, na hana historia ya saratani ya titi wala damu kuganda.

Kuna madhara mawili ambayo watu huyasikia na kukimbia dawa. La kwanza ni mfupa wa taya kutopona, hasa baada ya kung'oa jino. Kwa dozi za osteoporosisi ni nadra mno, kama mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka au pungufu. Njia ya kulikwepa ni kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza, jino bovu ling'olewe, kidonda kipone, ndipo uanze. La pili ni paja kuvunjika katikati kwa namna isiyo ya kawaida, na hili huongezeka kwa walioitumia dawa zaidi ya miaka mitano. Huwa linabisha hodi: maumivu ya paja au kinena kwa wiki kadhaa. Ukiyasikia, usingoje tarehe ya kliniki. Ukiweka haya mawili kwenye mizani upande mmoja, na pingili 15 kwa 8 upande wa pili, utaona kwa nini aliyekwisha kuvunjika hashauriwi kuogopa dawa.

Sasa fedha. Usilinganishe bei ya boksi. Linganisha mwaka: vidonge zidisha kwa 52, sindano zidisha kwa mbili, dripu hesabu moja pamoja na kitanda, vipimo vya damu na nauli. Kama una bima, uliza jina la dawa husika limo au halimo kabla daktari hajaandika.

Hatua ya tano: kunywa kidonge cha wiki kama kinavyotakiwa

Alendroneti isiponywewa sawasawa ni hasara mara mbili. Haiingii mwilini, na inaunguza umio. Chagua siku moja. Mama alichagua Jumamosi kwa kuwa mimi niko nyumbani.

Asubuhi, kabla ya kitu chochote kupita mdomoni, anakunywa kidonge kizima kwa glasi kubwa ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si juisi ya machungwa ya Muheza. Hatafuni, hanyonyi. Kisha kwa dakika 30 hali wala halali. Anakaa wima barazani, au anamwagilia mirehani yake kwa kikopo. Nusu saa ikipita, kifungua kinywa. Kalsiamu isiguswe katika muda huo. Sisi tunaipeleka mchana.

Akisahau Jumamosi, anakunywa Jumapili asubuhi, kisha anarudi Jumamosi yake. Viwili kwa siku moja, kamwe.

Mwezi wa Ramadhani tulizungumza na daktari mapema. Mama anaamka nusu saa kabla ya daku, anakunywa kidonge kwa maji, anakaa wima, halafu anakula. Kwa anayekula usiku wa manane hadi karibu na daku, tumbo halitakuwa tupu, kwa hiyo ajipangie. Kidonge ni kimoja kwa wiki, basi ni usiku minne au mitano tu kwa mwezi mzima.

Hatua ya sita: sahani

Mwanamke aliyepita miaka 50 na mwanamume aliyepita 70 wanahitaji kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku. Wengine watu wazima, 1,000. Kwa chakula cha mkoa huu hesabu hiyo inafikika bila kununua kopo lolote la unga wa kigeni.

Anza na dagaa. Nguvu ya dagaa iko kwenye mfupa unaoutafuna, kwa hiyo anayechambua kichwa na mgongo akatupa, ametupa kalsiamu. Dagaa mchele wakavu, viganja viwili, gramu kama 30, wanatoa miligramu 300 au zaidi. Nenda asubuhi sokoni Deep Sea, chagua wanaong'aa, wasionuka uchachu, na ukifika nyumbani waoshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu kutoa mchanga na chumvi. Kaanga kidogo, tia nyanya, kitunguu, ndimu na tui jepesi. Asiye na meno wasage, unga wake unaingia kwenye mboga au uji.

Papa na ng'onda, vipenzi vyetu, havihesabiki hapa. Vina protini, lakini mifupa yake huli, na chumvi yake ni nyingi. Chumvi ikizidi, figo hutoa kalsiamu kwa mkojo. Waloweke usiku, mwaga maji, upike mara moja moja.

Maziwa: Tanga haina udhuru. Glasi ya maziwa au mtindi ina karibu miligramu 300. Wanaosema maziwa yanawavuruga tumbo mara nyingi mtindi wanauweza, kwa kuwa sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu vinavyogandisha. Chai ya maziwa nayo inahesabika ikiwa maziwa ni nusu kikombe, si tone la kubadili rangi.

Kwenye mboga za majani kuna mtego. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini umejaa oksaleti inayoishika kalsiamu hiyo tumboni isifyonzwe. Uendelee kuliwa kwa faida zake nyingine, ila usiutegemee kwa mifupa. Sukuma wiki na kabichi hutoa kalsiamu yake vizuri zaidi. Kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa ni kama miligramu 150.

Uji wa ulezi una kalsiamu kuliko uji wa nafaka nyingine tulizozoea. Ulezi ukilowekwa ukaota kidogo, au uji ukichachushwa, ile fitati inayozuia ufyonzaji hupungua. Bibi zetu walifanya hivyo. Ufuta usiokobolewa, kijiko cha chakula, unaongeza miligramu 80 na ushee, ingawa nao una oksaleti.

Jumlisha siku ya mama: uji wa ulezi 100, chai ya maziwa 150, dagaa mchana 300, sukuma wiki 150, mtindi wa jioni 300. Hiyo ni 1,000. Mia mbili zilizobaki zinaletwa na maharage, samaki, mayai na chapati. Siku akikosa dagaa na mtindi, anameza kidonge kimoja cha kalsiamu cha miligramu 500 pamoja na chakula. Kabonati ya kalsiamu inataka asidi ya tumbo, ndiyo maana huliwa na chakula. Angalia boksi: kidonge kilichoandikwa kabonati ya kalsiamu miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500. Usimeze zaidi ya 500 au 600 kwa mkupuo, na kitenganishe na vidonge vya madini ya chuma au vya tezi kwa saa kadhaa. Zaidi ya 2,000 kwa siku hakuna faida, kuna mawe ya figo.

Supu ya kongoro na ya mifupa tunaipenda, na protini yake mwili unaitumia. Kalsiamu haishuki ndani ya mchuzi kwa kiasi cha maana. Usimpe mgonjwa bakuli la supu ukadhani umemaliza.

Protini ni nusu ya mfupa ambayo watu huisahau. Mzee wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72 kwa siku. Wazee wetu wengi jioni hula chai na mkate, basi. Ongeza yai, au kunde, au choroko, au kibua wa kuchoma. Kibua ana mafuta yenye vitamini D pia.

Hatua ya saba: jua

Bila vitamini D, kalsiamu inapita tu. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la kutengeneza vitamini hiyo lipo mwaka mzima. Lakini mama wa kikwetu akitoka amejistiri, akirudi yuko ndani, na ngozi nyeusi na iliyozeeka huhitaji muda zaidi. Mama anakaa uani kwa kanga, mikono na miguu wazi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, kama nusu saa, mara kadhaa kwa wiki. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika, kwa hiyo kukaa dirishani hakufai kitu.

Asiyeweza, anywe vidonge: yuniti 600 hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo, au zaidi akiwa amepungukiwa na daktari ameandika. Epuka sindano au dozi kubwa ya mara moja kwa mwaka. Huko Australia, wanawake wa miaka 70 na zaidi waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo walianguka na kuvunjika zaidi, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2010. Na kabla ya dripu ya zoledroniki au denosumabu, upungufu wa vitamini D lazima uwe umerekebishwa. Vidole na midomo ikifa ganzi baada ya sindano, kalsiamu imeshuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: mbuzi, fagio na ndoo

Pingili iliyodhoofika huvunjwa na kuinama ukiwa na mzigo. Tazama kazi zetu: kukunia nazi juu ya mbuzi mgongo umepinda, kufagia uwanja kwa chelewa fupi, kunyanyua ndoo kutoka chini. Vyote vitatu ni kinyume cha anachohitaji. Fundi seremala alitutengenezea meza ndogo, mbuzi ikafungwa juu yake, mama anakuna akiwa amekaa kitini. Chelewa tuliifunga kwenye mpini mrefu. Ndoo ilibadilishwa na madumu ya lita tatu.

Kwa swala, mwenye pingili zilizobonyea akatazwe kuinama sana, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi. Mama alilia kidogo siku ya kwanza ya kiti. Imamu wa mtaani alikuja kumweleza mwenyewe, akatulia.

Bafuni weka mpira usioteleza na chuma cha kushikia karibu na choo. Kandambili zilizoliwa nyayo zitupwe. Mkeka ukunjwe baada ya matumizi. Tochi ikae chini ya mto, kwa usiku umeme unapokatika. Macho yapimwe. Dawa za presha na za usingizi zinazompa kizunguzungu zizungumzwe na daktari.

Mazoezi: kuinuka kitini bila kushika mikono, mara kumi, asubuhi na jioni. Kusimama mguu mmoja akishika meza. Kutembea. Baiskeli, ambayo ndiyo fahari ya mji huu, ni nzuri kwa moyo lakini haiweki uzito kwenye mfupa.

Hatua ya tisa: kufuatilia

Pima kimo kwenye fremu ile ile kila miezi sita. Figo na kalsiamu kila mwaka. DEXA, ukiipata, baada ya miaka miwili, na kama inawezekana kwenye mashine ile ile.

Anayekunywa alendroneti, akifika miaka mitano, muulize daktari kama anaweza kupumzishwa. Kwa dripu ni miaka mitatu. Dawa hizi hukaa ndani ya mfupa, kinga haiondoki mara moja. Aliyevunjika akiwa kwenye dawa, au aliyebonyea pingili nyingi, huenda akaendelea au akabadilishiwa. Mapumziko haya hayahusu denosumabu.

Mama anatimiza miaka mitano ya alendroneti mwezi wa Rajabu. Swali hilo nimeshaliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, chini ya namba za kimo.